Mwulize Mwalimu: Mionzi ya Kiini Gani?

Toleo lililopita niliomba maswali ya mionzi, nanyi mmenijazia kapu. Yanayofanana nimeyaunganisha, na majina nimeyaacha kama mlivyoomba. Kabla sijaanza, nina ombi moja. Mtu akikutisha kwa mionzi, mwulize mambo matatu: inatoka kwenye kiini gani (kiini ni kitovu cha atomu), nusu-uhai wake ni muda gani (yaani muda wa nusu ya viini kumeguka: kutema mionzi na kugeuka kitu kingine), na kiini hicho kiko nje ya mwili au ndani. Asipoweza kujibu hata moja, mmiminie kahawa muongee habari za mvua.

Shikamoo Mwalimu. Nusu-uhai wa ayodini-131 ni siku 8. Baada ya siku 16 si itakuwa imekwisha yote? Halafu kiini kimoja kinajuaje kwamba zamu yake ya kumeguka imefika?
*Kidato cha sita, Kibosho*

Marahaba, mwanangu. La kwanza ni jepesi. Siku 8 zikipita imebaki nusu. Siku 8 nyingine zinachukua nusu ya hiyo iliyobaki, kwa hiyo siku ya 16 una robo, siku ya 24 una moja ya nane. Ukifika siku ya 80 umebaki na kama moja ya elfu. Kila mara unagawa kile kilichobaki, si kile ulichoanza nacho.

La pili ndilo tamu. Nilipokuwa nafundisha nilikuwa nawaazima wanafunzi sarafu za shilingi mia (na nilizirudisha, msinisingizie). Weka sarafu 80 kwenye boksi la chaki, tikisa, mwaga mezani. Zilizolala zikionyesha uso wa Mwalimu Nyerere zimemeguka, zitoe. Zenye swala juu zirudishe boksini. Utabaki na 40 hivi. Pengine 43, pengine 36. Tikisa tena, zinakuja 20 na ushee, kisha kumi. Sasa chukua ile sarafu iliyoonyesha swala mara tatu mfululizo, uniambie: imechoka? Ina deni la kuonyesha Nyerere safari ijayo? Haina. Nafasi yake ni ileile.

Kiini nacho ni hivyo. Hakizeeki. Kiini cha ayodini-131 kilichotengenezwa jana, na kingine kilichoponea miezi miwili, leo vina nafasi sawasawa ya kumeguka. Hakijui zamu kwa sababu zamu haipo. Kilichopo ni uwezekano, na huo hauguswi na moto wa jiko, wala barafu ya Kibo, wala tindikali ya maabara yenu. Utaniuliza sasa hizo siku 8 zinatoka wapi kwa uhakika hivyo. Zinatoka kwenye wingi. Gramu moja ya ayodini-131 ina viini ambavyo idadi yake ina tarakimu 22. Kwenye umati wa namna hiyo kubahatisha kwa mmojammoja kunapotea, kinabaki kipimo kisichoyumba.

Na kwa nini kimeguke hata kidogo? Protoni zote zina chaji chanya, zinasukumana. Nguvu ya nyuklia inazishika pamoja na nyutroni, lakini ni nguvu ya masafa mafupi sana. Uwiano wa protoni na nyutroni ukiwa mbaya, kiini hakitulii. Ayodini-131 ina protoni 53 na nyutroni 78, na nyutroni zimezidi. Siku moja nyutroni moja inageuka protoni na kutema elektroni. Hiyo ndiyo beta. Sasa protoni ni 54, na hiyo si ayodini tena, ni gesi ya zenoni, tulivu kabisa. Nishati inayobaki inatoka kama gama. Viini vizito kama urani hupenda kutema alfa, yaani protoni mbili na nyutroni mbili kwa mkupuo. Alfa huzuiwa na karatasi, beta na bati la alumini la milimita chache, gama inataka risasi (ile metali nzito, si ya bunduki) au zege nene. Yaandike hayo kwenye daftari, mtihani hauyakosi.

Dada yangu alifanyiwa upasuaji wa saratani ya tezi la shingo, kisha hospitali huko Dar wakammezesha kapsuli ya mionzi. Ameambiwa alale peke yake na asiwapakate wajukuu kwa siku kadhaa. Majirani wanasema tuchome nguo zake. Mbona shangazi yetu alipigwa mionzi ya mashine na hakuambiwa hayo?
*Mama, Pasua, Moshi*

Pole na kuuguza, mama. Mlichokutana nacho ni vitu viwili tofauti, na ni kheri umeuliza.

Shangazi alipigwa mionzi kutoka nje. Mashine ikizimwa, mionzi imekwisha, hakutoka na kitu mwilini cha kumpa mwingine. Picha ya eksirei ni vilevile: fundi akiachia kitufe, chumba ni chumba tu.

Dada amemeza viini vyenyewe, na ni hiyohiyo ayodini-131 ya kijana wa Kibosho. Tezi la shingo hunyakua ayodini popote inapopita kwenye damu. Ndiyo maana chumvi yetu huwekwa madini joto, na ndiyo maana huku milimani rovu lilikuwa limewasumbua bibi zetu. Tezi halitofautishi ayodini ya chumvi na hii yenye mionzi. Linaimeza, halafu beta zinachoma chembe za tezi zilizosalia baada ya upasuaji. Beta hizo hazivuki milimita mbili ndani ya nyama, kwa hiyo viungo vya jirani vinapona. Kwa tiba ya saratani, sijui kama kuna kitu kilichopangwa vizuri kuliko hicho.

Gama ndiyo inayopenya ikatoka nje ya shingo, na ndiyo sababu ya kutenganishwa na watoto. Umbali unasaidia kuliko mnavyodhani: ukikaa mbali mara mbili, unachopata kinashuka hadi robo. Ayodini iliyokosa nafasi kwenye tezi inatoka kwa mkojo zaidi, na kidogo kwa jasho na mate, nyingi yake katika siku mbili tatu za mwanzo. Kwa hiyo anywe maji, choo kimwagiwe maji mengi, kikombe na taulo viwe vyake peke yake, nguo zake zifuliwe kando.

Nguo msizichome. Moto hauharibu kiini. Utakachofanya ni kuitoa ayodini kwenye kanga na kuipeleka mapafuni mwa hao majirani. Siku alizopewa na hospitali azimalize, asipunguze hata moja, kisha awapakate wajukuu wake. Huo si ugonjwa wa kuambukiza.

Nimesikia ndizi zina mionzi. Wachaga tumekwisha?
*Mla mtori, Machame*

Hatujaisha. Ndizi ina potasiamu, na katika kila atomu elfu 10 za potasiamu moja hivi ni potasiamu-40, ambayo inameguka. Ndizi moja ya kawaida hutoa mimeguko kumi na kitu kila sekunde. Lakini mwili wako wewe, kabla hujagusa sufuria, una potasiamu yake yenyewe, na kwa mtu wa kilo 70 ni mimeguko zaidi ya 4,000 kila sekunde, usiku na mchana. Ukila bakuli tatu za mtori, figo zitaitoa potasiamu ya ziada na kukurudisha palepale. Wasiwasi wako uupeleke kwenye mafuta ya ng'ombe uliyomimina.

Ninafanya kazi za nyaraka kwenye kampuni ya kahawa. Kwa nini mzigo wa chakula upimwe mionzi na upewe cheti? Kahawa yetu inatoka Kilimanjaro, si Japani.
*Karani, Moshi mjini*

Ninaelewa, cheti kinacheleweshwa, meli inasubiri, bosi anakuangalia wewe. Ila anayenunua hajui mlima wako, anataka namba.

Namba inayotafutwa zaidi ni ya sesiamu-137. Hii haizaliwi shambani. Inazaliwa urani inapopasuliwa kwenye mtambo au bomu, na ilitapakaa Ulaya baada ya mtambo wa Chernobyl kulipuka, Aprili 1986. Kikemia inafanana na potasiamu, kwa hiyo mimea huivuta, ng'ombe hula majani, inatokea kwenye maziwa. Nusu-uhai wake ni miaka 30. Ina maana hadi 2016 nusu ya ile ya Chernobyl ilikuwa bado ipo.

Sasa utamu uko kwenye kipimo. Kahawa ina potasiamu kwa wingi, basi kifaa kinachotoa mlio tu kikikuta mionzi kingelia kwa kila gunia. Maabara kama ile ya Tume ya Nguvu za Atomiki pale Njiro, Arusha, haihesabu mlio, inapima nishati ya kila gama. Sampuli inawekwa juu ya kihisi cha jerimaniamu kilichopozwa sana, ndani ya kuta nene za risasi, na inaachwa hapo kwa saa kadhaa. Gama ya potasiamu-40 huja na nishati ya kiloelektronivolti 1,461. Ya sesiamu-137 huja na 662. Kwenye kioo vinatokea vilele viwili mbali kabisa, hakuna kuchanganya. Kilele cha 1,461 kitakuwepo daima, na hakimtishi mtu. Anayesoma matokeo anatazama kule 662 kama kuna chochote. Hayo masaa ya kungoja ni ya lazima, karani wangu. Mimeguko ni michache na hesabu inataka muda.

Naongoza watalii Olduvai. Wanauliza tulijuaje kwamba fuvu la Zinjanthropus, yule zamadamu wa kale, lina miaka milioni 1.75. Mmoja alinibishia kwamba kaboni haifiki huko. Nimjibuje?
*Muongoza watalii, Sakina, Arusha*

Mgeni wako yuko sahihi, mpe mkono. Kaboni-14 ina nusu-uhai wa miaka 5,730. Ukivuka miaka 50,000 hivi, kilichobaki ni kidogo mno kupimika. Kwa miaka milioni 1.75 hata punje haijasalia.

Cha kumwambia kwanza ni kwamba hakuna aliyepima mfupa. Mary Leakey alilikuta fuvu lile tarehe 17 Julai 1959, mumewe Louis akiwa amelala kambini na homa. Louis alikisia lina miaka 600,000 hivi. Wengi waliona hata hiyo ni kubwa. Mwaka 1961 Jack Evernden na Garniss Curtis wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, pamoja na Louis mwenyewe, wakatoa 1,750,000. Umri wa mwanadamu wa kale ukaruka karibu mara tatu kwa makala moja ya kisayansi.

Walichopima ni majivu ya volkano. Milima ya Ngorongoro ilikuwa ikilipuka na kumwaga majivu bondeni, tabaka juu ya tabaka, na fuvu lilikuwa katikati ya tabaka hizo. Ndani ya majivu kuna fuwele ndogo za madini aina ya felspa, na ndani ya felspa kuna rafiki yetu wa Machame, potasiamu-40. Nusu-uhai wake ni miaka bilioni 1.25. Vikimeguka viini 100, kama 89 vinakuwa kalisi, na 11 vinakuwa agoni-40, ambayo ni gesi.

Hapo ndipo saa inapoanzia. Mwamba ukiwa uji wa moto, gesi ya agoni inatoroka. Ukilipuka, ukapoa na kuganda, fuwele inafunga mlango. Tangu siku hiyo kila agoni inayozaliwa inanaswa humo humo. Ukiichukua fuwele hiyo leo, ukaiyeyusha ndani ya chombo kisicho na hewa na kuidaka gesi yake, utajua ni agoni kiasi gani imezaliwa kwa potasiamu iliyopo. Uwiano huo ndio umri.

Kiasi chenyewe ni kidogo ajabu. Kwa miaka milioni 1.75, ni kiini kimoja tu hivi cha potasiamu-40 katika kila elfu ambacho kimewahi kumeguka. Na kwa kuwa sehemu ndogo ndiyo huwa agoni, ni kama agoni moja kwa kila viini elfu 10 vya potasiamu-40. Mtalii mjanja atauliza: je, agoni ya hewani haikuingia? Iliingia, na hewa ina karibu asilimia 1 ya agoni. Lakini ya hewani huja na mwenzake, agoni-36, ambayo potasiamu haiitoi. Ukihesabu agoni-36 unajua hewa imechangia kiasi gani, unatoa, unabaki na ya saa.

Njia hiyohiyo, ikiwa imeboreshwa, ndiyo iliyotoa miaka milioni 3.66 kwa nyayo za Laetoli. Na wakikuuliza fuvu liko wapi, usiwaonyeshe bondeni: la asili linatunzwa Makumbusho ya Taifa, Dar es Salaam.

Mnara wa simu umejengwa karibu na kwetu. Utatumegua viini?
*Kiboriloni*

Hapana. Pale hakuna kiini kinachomeguka. Ni mawimbi ya redio, na hayana nguvu ya kung'oa hata elektroni moja kwenye atomu. Kama mnara unawanyima usingizi, chunguzeni jenereta lake.

Nabeba makaa ya mawe kutoka Ngaka kuja kaskazini. Njiani watu wanasema Namtumbo kuna madini ya bomu. Mbona ardhi hailipuki? Na wakianza kusafirisha, dereva yuko salama?
*Dereva wa lori, Usa River*

Kaka, urani ya ardhini ni ya aina mbili zilizochanganyika. Katika kila atomu 1,000, kama 993 ni urani-238 na 7 ni urani-235. Hizo saba ndizo zinazopasuka kirahisi. Nyutroni ikiigonga urani-235, kiini kinagawanyika vipande viwili na kutema nyutroni nyingine mbili au tatu. Hizo zikigonga nyingine, nazo zikagonga nyingine, umepata mnyororo. Otto Hahn na Fritz Strassmann walikutana na jambo hili Berlin mwishoni mwa 1938. Waliipiga urani kwa nyutroni, wakaikuta bariamu, metali ya uzito wa karibu nusu, hawakuamini macho yao. Lise Meitner, aliyekuwa amewakimbia Wanazi akahamia Sweden, ndiye aliyefafanua pamoja na mpwa wake Otto Frisch kwamba kiini kimepasuka.

Nishati yake? Kilo moja ya urani-235 ikipasuka yote inalingana na zaidi ya tani 2,500 za makaa mazuri. Kwa lori lako la tani 30, ni zaidi ya safari 80 kutoka Ngaka.

Namtumbo hailipuki kwa sababu saba katika elfu ni chache mno. Nyutroni nyingi zinamezwa na urani-238 au zinapotelea kwenye mawe, mnyororo unakatika. Mitambo mingi ya umeme hutumia urani iliyoongezwa hadi 3 au 5 katika 100. Bomu linataka kupita 80.

Lakini kuna mahali Afrika ambapo ardhi yenyewe iliwahi kuwasha. Mwaka 1972 Wafaransa waliokuwa wakipima urani ya Oklo, Gabon, waliona urani-235 imepungua: 0.717 badala ya 0.720 katika 100. Tofauti ya namna hiyo mtu mvivu angeipuuza. Wao walifuatilia, wakagundua kwamba karibu miaka bilioni 2 iliyopita mwamba ule ulikuwa mtambo wa nyuklia. Urani-235 humeguka haraka kuliko 238, kwa hiyo zamani zile ilikuwa nyingi zaidi, kupita 3 katika 100. Maji ya ardhini yakapunguza mwendo wa nyutroni, na nyutroni za polepole ndizo zinazopasua vizuri. Mwamba ukapata joto, maji yakachemka na kutoweka, mnyororo ukasimama. Ukapoa, maji yakarudi, ukawaka tena. Uliwaka na kuzimika hivyo kwa mamia ya maelfu ya miaka bila injinia.

Kuhusu wewe: urani ambayo haijaingia kwenye mtambo hutema alfa, na alfa haivuki ngozi yako, sembuse bodi la lori. Hatari ni vumbi. Ukilivuta, alfa inatemwa ndani ya pafu ambako hakuna ngozi ya kuizuia. Kwa hiyo mzigo wa namna hiyo husafirishwa kwenye mapipa yaliyofungwa. Pipa likipasuka barabarani, usiwe wa kwanza kufagia.

Tunanunua chuma chakavu. Kijana ameleta kitu kidogo kama chungu cha chuma, kizito kupita kiasi, kina alama ya njano yenye mapanga matatu meusi. Ndani inaonekana kuna risasi. Tukikate?
*Unga Limited, Arusha*

Msikikate! Swali hili nimelijibu kwa simu siku ileile lilipofika, ila nalirudia hapa kwa wenzenu wote.

Septemba 1987 huko Goiânia, Brazil, vijana wawili waliingia kwenye kliniki iliyohamwa na kuchukua sehemu ya mashine ya kutibu saratani. Waliitaka risasi na chuma. Wakaiuza kwa mnunuzi wa vyuma chakavu. Ndani mlikuwa na unga wa sesiamu-137, ileile anayoiogopa mteja wa kahawa, lakini kwa wingi usiosemeka. Usiku unga uling'aa rangi ya buluu. Watu wakagawana kama zawadi, wakajipaka, mtoto wa miaka sita akala chakula kwa mikono yenye unga. Walikufa wanne, naye mtoto huyo mmoja wao. Watu 249 walikutwa na unga huo mwilini au kwenye nguo, na zaidi ya 100,000 ilibidi wapimwe. Aliyeokoa wengine ni mke wa mnunuzi: aliona watu wanaugua wote kwa pamoja, akashuku ule unga, akaupeleka kwa wakubwa wa afya. Yeye hakupona.

Uzito ule usio wa kawaida ndio dalili, kwa sababu risasi imewekwa makusudi kuzuia gama. Chombo kikiwa kizima na kimefungwa, risasi inafanya kazi yake. Ukikitoboa umeiondoa kinga mwenyewe. Kwa hiyo kiacheni kilipo, kila mtu asogee mbali, watoto watoke uani, mlioshika mnawe mikono na sabuni kabla ya kula au kuvuta sigara. Andikeni nani alikishika na kilitoka wapi. Piga simu polisi na ofisi ya Tume pale Njiro; ni mwendo mfupi kutoka kwenu na wana vifaa vya kupima. Msikipeleke wenyewe kwa bodaboda.